Msaada wa dharura kwa wafugaji: nani hulipwa na nani huachwa, kutoka mwambao wa Rumonge hadi Turkana

Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Burundi, serikali ilizuia kuhamisha ng'ombe, mbuzi na kondoo, na masoko ya mifugo yakafungwa. Ugonjwa ulianza kuonekana katika mikoa ya kaskazini, mbali na Ziwa Tanganyika. Lakini zuio la mifugo haliulizi ugonjwa umeanzia wapi. Likishatangazwa, mchuuzi wa mbuzi wa Rumonge, mchinjaji wa Nyanza-Lac na mwenye lori anayepanda kutoka Mugina wote husimama siku moja.

Baada ya zuio hufuata swali ambalo kila mtu sokoni huuliza: serikali itatoa nini, na itampa nani? Makala hii inaeleza njia ambazo serikali za ukanda wetu hutumia kuwasaidia wafugaji wakati wa ukame, mafuriko au ugonjwa, na inaonyesha mfanyabiashara na msafirishaji wako wapi katika mpango huo. Jibu kwa ufupi ni kwamba karibu kila msaada humfuata mwenye zizi. Aliye njiani na mzigo huachwa ajitegemee, isipokuwa pale mpango ulipotungwa mapema ukamhesabu na yeye.

Maneno yanayochanganywa

Watu wengi husema "fidia" kwa kila fedha inayotoka serikalini. Ni vizuri kutofautisha, kwa sababu kila neno lina haki yake.

Fidia ni malipo ya kitu ambacho serikali yenyewe imekuondolea, kwa mfano inapoamuru wanyama wauawe ili ugonjwa usienee. Hapa mwenye mnyama huwa na madai kwa mujibu wa sheria ya nchi husika.

Kifuta jasho na kifuta machozi ni maneno ya Tanzania. Yamo hata katika kanuni za mwaka 2011 kuhusu madhara ya wanyamapori wakali. Serikali hutoa kiasi fulani kumpa pole mwananchi, bila kukubali kwamba inalipa thamani kamili ya kilichopotea.

Msaada wa dharura ni kile kinachotolewa kwa sababu watu wamekwama: fedha, chakula, majani, maji, chanjo au mnyama mwingine. Hakuna anayeweza kuudai mahakamani. Unatolewa kwa orodha, na orodha huandikwa na kamati ya mtaa au kijiji.

Bima ni mkataba. Ada imelipwa kabla ya janga, na malipo hutolewa kipimo kilichokubaliwa kinapofikiwa.

Mfanyabiashara anayekwenda ofisini kudai fidia wakati kilichopo ni msaada, hurudi mikono mitupu na kudhani ameonewa.

Rumonge na mwambao wake

Mji wa Rumonge uko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya taifa RN3 inayofuata ziwa hadi Nyanza-Lac na kuendelea kuelekea Mabanda na mpaka wa Mugina, ng'ambo ya Manyovu mkoani Kigoma. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015. Katika mgawanyo mpya wa mwaka 2025, Burundi ilipobaki na mikoa mitano, Rumonge ikawa komini ndani ya mkoa wa Burunga. Mwenye karatasi za zamani akumbuke jambo hilo, maana ofisi za saini na mihuri zimepangwa upya.

Mwambao huu unajulikana zaidi kwa mawese, ndagala na mikebuka kuliko ng'ombe. Hata hivyo karibu kila kaya ya shambani ina mbuzi, nguruwe au kuku, na yenye uwezo ina ng'ombe mmoja au wawili. Mifugo hiyo ndiyo akiba ya nyumba: huuzwa kwa ada ya shule, hospitali au mahari, na samadi yake hulisha migomba na muhogo.

Ufugaji wenyewe umebadilika. Sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018 ilitaka mifugo yote ifugwe zizini bila kuachwa kuzurura, na ikatoa muda wa miaka mitatu wa kujiandaa. Tangu Oktoba 2021 mfugaji analazimika kukata au kununua majani. Kwa msafirishaji hiyo ni biashara mpya ya kubeba majani, pumba na mashudu. Kwa mfugaji ni gharama mpya, kwa sababu soko likifungwa ng'ombe asiyeuzika anaendelea kula.

Historia nayo ina uzito wake. Matukio ya Aprili 1972 yalianzia Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi wa mwambao walikimbilia Tanzania. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliteketeza mifugo katika nchi nzima. Waliporudi, wengi walikuta ardhi ina mtu mwingine na zizi halipo. Kwa hiyo Burundi ilipoanza kuwasaidia wafugaji baada ya vita, tatizo lilikuwa kuanza upya kutoka sifuri.

Burundi: msaada huja kwa miguu minne

Njia iliyozoeleka Burundi ni kumpa mhitaji mnyama badala ya fedha. Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) na serikali waliendesha mradi wa kujenga upya sekta ya mifugo, uliojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa PARSE, ulioanza mwaka 2008. Miradi mingine ikafuata, ukiwemo mpango wa nyanda za Imbo na Moso. Imbo ndiyo bonde tambarare linalofuata ziwa.

Utaratibu wake huitwa mnyororo wa mshikamano. Kaya hupewa mtamba, au mbuzi na nguruwe kwa kaya ndogo. Mnyama akizaa, mtoto jike hukabidhiwa jirani anayefuata kwenye orodha. Naye akizaliwa wa kwake, humpa mwingine. Rwanda ina mpango unaofanana, Girinka, ulioanza mwaka 2006. Kwa njia hiyo ng'ombe mmoja aliyenunuliwa na mradi hufikia kaya kadhaa bila serikali kutoa fedha tena.

Mfanyabiashara aelewe mambo mawili hapa. Kwanza, mradi hununua. Mitamba, mbuzi wa mbegu, dawa, mabati ya mabanda na usafiri vyote hutangazwa kwa zabuni, na mwenye leseni, namba ya kodi na akaunti ya benki ndiye anayepata. Pili, ng'ombe wa mnyororo ana deni. Mpaka mtoto jike akabidhiwe, mfugaji hana uhuru kamili wa kumwuza. Ukimnunua kwa bei rahisi jioni, kamati inaweza kukufuata asubuhi. Uliza kwanza mnyama ametoka wapi, na upate mashahidi wa mtaa.

Fedha taslimu nazo zimeingia Burundi, ingawa si kwa wafugaji peke yao. Mpango wa Merankabandi, maana yake "kuwa kama wenzako", uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulianza katika mikoa minne ya wakati huo: Gitega, Karuzi, Kirundo na Ruyigi. Akina mama wa kaya maskini walipokea fedha kwa simu. Awamu ya pili ilikusudiwa nchi nzima. Fedha ya aina hii haiandikwi jina la mifugo, lakini sehemu yake huishia sokoni kwa mbuzi na kuku. Siku za malipo mchuuzi mwenye macho huzijua.

Magonjwa mawili yaliyotoa fundisho

Burundi ilitoa taarifa ya sotoka ya mbuzi na kondoo kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka 2018. Ugonjwa huu huua mbuzi kwa haraka, lakini haumwambukizi binadamu. Jibu lilikuwa chanjo ya watu wa mifugo ikisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), pamoja na kudhibiti masoko.

Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2022 ni jambo jingine, kwa sababu inampata pia binadamu. Virusi vyake huenezwa na mbu, hasa baada ya mvua nyingi. Dalili yake kubwa kwa mifugo ni mimba kuharibika kwa wingi na ndama kufa. Mtu huambukizwa kwa kugusa damu, kondo la nyuma au kitoto kilichotoka, au kwa kuumwa na mbu. Ndiyo maana serikali haikungoja. Mifugo ilizuiwa kwanza, chanjo ikafuata baadaye mwaka huohuo.

Katika matukio yote mawili kitu kikuu kilichomfikia mfugaji kilikuwa chanjo. Hilo si dogo: ng'ombe aliyechanjwa ndiye anayefungua soko tena. Lakini chanjo haimrudishii mchuuzi siku alizokaa bure, wala haimlipii mwenye lori deni la benki.

Kenya: fedha, ununuzi na bima

Kenya imejaribu njia nyingi zaidi, na zote zimefika kwenye kaunti za wafugaji za kaskazini.

Ya kwanza ni fedha. Mpango wa kukinga njaa, HSNP, ulianza mwaka 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Katika awamu ya pili, ya kuanzia mwaka 2013, kaya zipatazo 100,000 zilipokea fedha kila baada ya miezi miwili, kwa kiwango kilichofikia shilingi 5,400. Kilicho muhimu ni kwamba karibu kaya zote za kaunti hizo zilisajiliwa mapema na nyingi zikafunguliwa akaunti. Ukame ukizidi kipimo, kaya ambazo kwa kawaida hazilipwi nazo huingizwa malipo ya dharura. Orodha iliandikwa kabla ya njaa, kwa hiyo fedha haikungoja kamati.

Ya pili ni serikali kununua mifugo kabla haijafa. Wakati wa ukame wa mwaka 2009, na tena baada ya Rais Uhuru Kenyatta kutangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 8 Septemba 2021, Tume ya Nyama ya Kenya (KMC) ilitumwa kununua ng'ombe waliokonda. Mfugaji hupata chochote badala ya mzoga. Ugumu wake ni usafiri. Kutoka Mandera au Turkana hadi machinjio ya Athi River ni mwendo mrefu, na ng'ombe aliyekonda hastahimili siku nyingi juu ya lori.

Ya tatu ni bima. Bima ya mifugo ya kipimo cha malisho ilianza kuuzwa Marsabit mwezi Januari 2010, na malipo ya kwanza yakatoka Oktoba 2011. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wake, KLIP, ukianzia Turkana na Wajir, ikimlipia mfugaji ada ya mifugo inayolingana na ng'ombe watano. Hakuna anayehesabu mizoga. Satelaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango fedha hutoka, ili mfugaji anunue majani na maji wanyama wangali hai. Februari 2017 mpango huo ulilipa shilingi milioni 214 kwa kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti sita.

Bima hii ina kasoro zake. Satelaiti inaweza kuona majani ya kijani mahali ambapo ni magugu tu, na mfugaji akakosa malipo huku ng'ombe wanakufa. Tena kipimo ni cha malisho: ugonjwa ukifunga soko wakati wa mvua, bima ya ukame hailipi hata senti.

Tanzania: kifuta machozi cha ng'ombe

Ukame wa mwaka 2008 na 2009 ulimaliza mifugo mingi katika wilaya za Monduli, Longido na Ngorongoro. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete iliahidi kuzisaidia kaya zilizopoteza mifugo yote, na baadaye ikagawa mifugo kwa kaya hizo. Wananchi waliuita mpango huo kifuta machozi, na neno hilo lilifaa: aliyekuwa na ng'ombe mia hakurudishiwa mia. Kama Burundi, msaada ulikuja kwa mnyama. Tofauti ni kwamba Burundi mnyama huendelea kuzunguka kwa majirani, na Tanzania alilenga kaya iliyopoteza.

Mfanyabiashara na mwenye lori wako wapi?

Hasara ya zuio inajulikana kwa hesabu. Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2006 na 2007 iliua watu 155 nchini Kenya na 109 nchini Tanzania kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani. Uchunguzi uliofanywa baadaye Kenya ulikadiria hasara ya uchumi kuwa zaidi ya shilingi bilioni mbili, na ulionyesha kwamba haikubaki kwa mfugaji. Wachuuzi, wasafirishaji, machinjio na mabucha wote waliumia kwa sababu ya masoko kufungwa.

Zuio linaweza pia kudumu kuliko ugonjwa. Mwaka 2000 homa hiyohiyo ilipoonekana Saudi Arabia na Yemen, Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na mlango huo haukufunguliwa hadi mwaka 2009.

Mbona basi mfanyabiashara hayumo kwenye orodha? Sababu ni ya utaratibu. Msaada hutolewa kwa kaya, na kaya huandikwa mahali inapolala. Mchuuzi ananunua komini moja, anauza nyingine, na mara nyingi ananunua kwa mkopo wa mdomo bila karatasi. Siku ya kuhesabu hasara hana cha kuonyesha.

Hata hivyo upo mfano wa kinyume chake. Mwaka 2006, wakati wa ukame kusini mwa Ethiopia, shirika la Save the Children na serikali ya huko walisaidia wachuuzi wa mifugo kufika Moyale. Wafanyabiashara wawili walipewa mkopo wa dola 25,000 kila mmoja. Baada ya hapo biashara ilijiendesha, na ng'ombe wapatao 20,000 wenye thamani ya dola milioni moja hivi walinunuliwa kutoka kwa wafugaji. Mfugaji alipata fedha mkononi, mfanyabiashara alipata faida na lori halikukaa bure. Mkopo mdogo kwa mchuuzi uliwafikishia wafugaji fedha nyingi kuliko mkopo wenyewe.

Hilo ndilo jambo la kudai, ndugu msomaji, pale vyama vya wafanyabiashara vinapokaa na viongozi wa Rumonge, Makamba au Kigoma. Badala ya kuomba fidia ambayo haimo katika mpango, dai mchuuzi na msafirishaji waandikwe kama njia ya kuufikisha msaada, kwa mkopo wakati wa ukame na kwa zabuni ya usafiri wakati wa kugawa mifugo, majani na chanjo.

Mambo ya kufanya kabla zuio halijaja

1. Beba cheti cha daktari wa mifugo wa mahali ulikonunua, kinachotaja idadi, aina na mwisho wa safari. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, hupunguza ushuru lakini hakichukui nafasi ya cheti cha afya.

2. Andikiana na mwenye mzigo. Kabla lori halijaondoka, kubalianeni nani analipa majani, maji na siku za kusubiri ikiwa barabara imefungwa. Bila maandishi, kila mmoja humsukumia mwenzake.

3. Usimalize mtaji kwenye safari moja wakati wa mvua nyingi. Ukisikia mimba za ng'ombe zinaharibika kwa wingi mahali fulani, ahirisha ununuzi wa huko. Tangazo la serikali huja baada ya tetesi za wafugaji.

4. Dereva na utingo wasiguse kwa mikono mitupu damu au kitoto kilichotoka, na wasichinje mnyama anayekufa njiani ili kuokoa nyama. Mwenye homa baada ya safari amweleze mganga kwamba alibeba mifugo.

5. Usijaribu kuvusha mifugo kwa mtumbwi usiku au kwa njia za panya wakati wa zuio. Wakikamatwa unapoteza wote bila madai yoyote, na wakipita unaweza kupeleka ugonjwa ng'ambo na kurefusha zuio kwa wenzako wote.

6. Jisajili. Leseni, uanachama wa chama au ushirika na akaunti ya benki ndivyo vinavyomfanya mtu aonekane siku ya zabuni au mkopo.

7. Weka daftari: tarehe, idadi, bei, jina la soko, namba ya cheti na siku lori lilipokaa. Piga picha za wanyama na alama zao.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Kaya za Turkana zililipwa haraka kwa sababu majina yao yalikuwa yameandikwa kabla ya ukame. Kaya ya Rumonge hupata mtamba kwa sababu imo kwenye orodha ya mnyororo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zuio jingine litakuja, maana mvua na mbu havijaondoka Imbo. Atakayeweza kuonyesha alichopoteza ndiye atakayekuwa na la kusema serikali itakapokaa kuhesabu.